Guta la umeme la Maposeni lilivyonikalisha na mama mkwe wangu

Wakuu, wa kupewa shikamoo pokeeni, wengine mambo vipi.

Hili limenitokea mwenyewe mvua hizi hizi, na sijatia chumvi. Chumvi yenyewe daktari kanikataza.

Kwanza mnijue. Naishi Songea mjini, Bombambili, na ni mtu wa kochi. Mke wangu anasema siku nyumba ikihama ndiyo nitasafiri.

Mama mkwe wangu yeye yuko Maposeni, ndani ndani huko kwenye mahindi. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali ya Peramiho walimpangia siku ya upasuaji, bodaboda ikaanguka naye kwenye tope, akarudi nyumbani. Wakampangia tena. Akaapa bodaboda peke yake hapandi.

Mke wangu ndiye angempeleka, lakini alikuwa ametoka kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Mashemeji wote wako Tunduru na korosho zao.

Nikabaki mimi.

Sasa nyie wa mikoa mingine labda hamjui. Kwetu mwanaume na mama mkwe hawakaribiani. Namsalimia kwa mbali, nimechuchumaa, macho chini. Tangu nioe sijawahi kumtazama usoni. Halafu tupande mshikaki, watu watatu bodaboda moja, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia? Bora nihamie Msumbiji.

Nikamwambia mke wangu tusubiri mvua zipungue. Akaniangalia kama anavyoangalia sufuria iliyoungua.

"Baba Neema," (mtoto hana hata wiki, jina langu lishakufa) "mama akipofuka nani atamshika mkono? Wewe? Wewe unayekimbia hata kivuli chake?"

Nikavaa viatu.

Kufika Maposeni, jirani yake akaniambia nisihangaike, kuna guta la umeme la kijiji. Nikacheka moyoni. Guta nalijua mimi, lile la magurudumu matatu la kubebea matofali. Leo la umeme, tena kwenye tope lile?

Akanionyesha paa la mashine ya kusaga. Limejaa sola. Mashine ikipumzika, guta linachajiwa.

Basi likaja. Nasema likaja, ila sikulisikia. Nimesimama katikati ya njia nashangaa sola, nikasikia mtu nyuma yangu:

"Kaka, unapisha, au nikuokote kwa bampa?"

Dereva, dada mmoja anaitwa Konsolata. Gumbuti, kanga kiunoni, hana haraka na mtu.

Kilichonivuta macho ni viti. Mabenchi mawili yamepeana mgongo, katikati ubao mrefu. Nikauliza mbona yamekaa hivyo.

"Lilikuja na viti vya kutazamana," akasema. "Kina mama wakagoma kwenye mkutano wa kijiji. Kila mmoja anauliza, yaani nitazamane na mkwe wangu mpaka Peramiho, nimemkosea nini Mungu? Fundi akachomelea upya."

Wakuu, nilishangaa serious. Mimi na form four yangu nilidhani teknolojia inakuja imekamilika, kazi yetu ni kujikunja tuenee. Hawa wameikunja yenyewe ikawaenea wao.

Na siyo viti tu. Mkutano huo huo ndio uliopanga njia. Wenye mashamba ya pembeni kila mmoja alisogeza matuta yake kidogo, wakamwaga vipande vya matofali, ikapatikana njia ya guta, baiskeli na waenda kwa miguu. Inapita kisimani, inapita zahanati. Lori haliruhusiwi kupita. Kule mjini kwangu tumegombania mfereji mpaka umefukiwa.

Konsolata akampandisha mama. Nikapanda upande wangu, mgongo kwenye ubao.

Tukaondoka. Kimya! Nasikia matone yakidondoka kwenye majani ya mahindi. Nasikia ndege. Mara nasikia nyuma yangu:

"Mkwe."

Nusura niruke.

"Naam, mama."

"Mtoto amefanana na nani?"

"Amefanana na wewe, mama."

"Umejuaje? Wewe si hujawahi kunitazama."

Konsolata alicheka mpaka guta likayumba.

Hapo ndipo tulipoanza kuongea, mimi na mama mkwe, mara ya kwanza. Mwiko haujavunjwa, uso hauonekani, na hakuna injini ya kutulazimisha tupige kelele. Akaniambia haogopi kisu. Anaogopa kuja kumjua mjukuu wake wa kwanza kwa kumpapasa tu.

Nilishukuru tumepeana migongo, maana macho yangu nayo yalitaka upasuaji.

Jicho moja likafanyiwa upasuaji, la pili likapangiwa siku yake. Bandeji ilipotolewa tukarudi na guta lile lile, migongo ile ile.

"Mkwe, nimekuona pale hospitali ulivyojificha nyuma ya nguzo. Una kipara."

"Ndiyo, mama."

"Naomba kiishie kwako."

Juzi tumempeleka Neema kwa bibi yake. Mimi nimechuchumaa nje ya uzio kama kawaida, macho chini. Mke wangu akamkabidhi bibi mtoto. Halafu nikamsikia:

"Mkwe! Kumbe hukunidanganya."

Nilichojifunza: chombo kipya kikija, wenyeji waulizwe kwanza wanakaaje. Hiyo nayo ni uhandisi.

Haya, nyie wa Dar mnaojifanya mmeona kila kitu, na nyie wa mikoani wenzangu: guta kama hili likifika kwenu, viti mtavigeuza vipi, na mtamkalisha nani nyuma ya nani? Semeni, niko kwenye kochi nasoma.