Pikapu Iliyopimwa Ikiwa Imeshiba

Wifi yangu ni fundi cherehani, na futi yake ya kupimia haitoki shingoni hata anapokula. Nilipoolewa na kaka yake hatukupatana, nisiseme uongo. Alinishonea gauni, nikalalamika linabana, akaniambia mbele ya wateja kwamba gauni halina kosa, kosa ni langu mimi niliyevuta tumbo wakati wa kupimwa. Nilinuna wiki nzima. Leo ndiye ninayeshinda naye dukani, nampigia vifungo na kumkunjia pindo, na anayemgusa wifi yangu amenigusa mimi.

Sasa msikieni aliyemgusa.

Wifi ana kigari cheupe, kikuukuu, alichokinunua kwa miaka sita ya kushona. Kila Ijumaa hukijaza sare za wauguzi akazipeleka hospitali, na kazi hiyo ndiyo inayolipa pango la duka na karo za wanawe. Jumatatu moja adhuhuri kilikuwa kimeegeshwa mbele ya duka, mahali pake pa siku zote, tukasikia kishindo. Kutoka nje, mlango wa nyuma umebonyea na una matundu mawili, na chini pamemwagika saruji. Mshona viatu wa jirani alikuwa ameona kila kitu. Pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi, pale ng'ambo ya barabara, ilirudi nyuma, ikakigonga, ikajiendea zake.

Mwenye duka lile tunamwita Mzee Hapana, kwa sababu ndilo jibu lake la kwanza kwa kila jambo. Wifi alimwendea kwa adabu zote. Hapana, si gari lake. Hapana, mshona viatu haoni vizuri. Damu ilinichemka, nikataka kumpa vidonge vyake, wifi akanivuta mkono. Alirudi kwenye kigari, akapiga magoti, akapima kutoka chini mpaka kwenye matundu, akaandika katika daftari la vipimo, kati ya suti ya bwana harusi na sketi ya mwalimu: inchi ishirini na nne. Kati ya tundu na tundu, inchi tisa.

Ijumaa hiyo tulifunga mlango kwa kamba. Vumbi likaingia, sare nyeupe zikafika hospitali zina rangi ya udongo, na msimamizi wa stoo akasema jambo hilo likijirudia Ijumaa ijayo, kazi atapewa fundi mwingine. Fundi wa bodi naye alitaja bei iliyomkausha wifi mate. Siku hiyo nilimwona amekaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Iliniuma sana.

Lakini hakukaa muda mrefu. Alikuwa ameshatoa ripoti polisi, akaipeleka nakala kwenye kampuni ya bima ya ile pikapu, na Jumanne mkaguzi wao akaja, kijana mwenye miwani. Alipima bampa ya nyuma. Ilikuwa na bolti mbili zilizochomoza, zimeachana inchi tisa, sawa kabisa. Ila kutoka chini zilikuwa inchi ishirini na saba na nusu. Akasema vipimo haviendani, akaanza kufunga makaratasi yake. Mzee Hapana akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Wifi akaizunguka ile pikapu taratibu, akiitazama anavyomtazama mteja anayevuta tumbo. Jicho lile nalijua, lilishanipata mimi.

"Mwanangu," akamwambia mkaguzi, "hii umeipima ina njaa. Siku ile ilikuwa imeshiba. Ipakieni saruji, kisha uipime tena."

Mzee Hapana akasema hapana. Mkaguzi akamjibu kwamba basi ataandika mwenye gari amekataa kipimo, na wapakiaji wakaitwa haraka. Mshona viatu akaacha kiatu, wateja wakatoka madukani, watu wakahesabu mifuko kwa sauti. Wa tano, bampa imeshuka kidogo. Wa kumi, inchi ishirini na sita. Mzee Hapana akasema inatosha. Mkaguzi akauliza Jumatatu ile ilibeba mifuko mingapi. Hapana, mzee hakumbuki. Hapo dereva wake, aliyekuwa ameegemea ukuta muda wote, akainamisha kichwa.

"Ishirini," akasema. "Nisamehe, mama. Niliambiwa ninyamaze."

Njia ya mwongo ni fupi; hii ilikuwa na urefu wa mifuko ishirini. Ulipotua wa mwisho, wifi akapiga magoti na futi yake, mkaguzi akainama pembeni. Inchi ishirini na nne. Dereva akairudisha nyuma polepole mpaka kwenye kigari, na zile bolti zikaingia matunduni kama vifungo vinavyoingia mahali pake. Nilipiga kigelegele bila kumwonea mtu haya.

Mkaguzi aliandika palepale kwamba bima italipa matengenezo yote, na kwa barua ile fundi wa bodi akakubali kuanza kazi kabla ya hela kufika. Ijumaa sare ziliingia hospitali nyeupe pee. Msimamizi wa stoo alizigeuza moja moja, akatafuta doa, akakosa, akatia saini ya mwaka mwingine.

Mwezi uliofuata Mzee Hapana akaja dukani. Binti yake anaolewa, naye mzee anataka suti. Nilitamani nimjibu hapana, kwa raha zangu tu, lakini wifi alishavua futi shingoni. Ilipofika kiunoni, mzee akavuta tumbo.

"Toa pumzi, mzee," wifi akamwambia. "Unanijua. Nitangoja."

Mzee akatazama nje, kigari kiko palepale pake. Akaliachia tumbo lote. Nikaandika mimi mwenyewe: inchi arobaini na sita.