Kuponi Zilizomjua Verna

Kijitabu kilifika siku ya Jumanne, miezi miwili baada ya kumzika Verna, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la Verna.

Emil Havlik alisimama nacho kwenye ngazi za mbele, theluji ikimwingia viatuni. Kusoma hakukuwa kazi yake. Shule aliiacha darasa la tano akaenda kuvunja mawe ya chokaa na baba yake, kisha kiwanda cha vioo kikamchukua miaka thelathini na minane, na huko walitaka ajue namba tu. Lakini jina la mkewe alilijua kwa umbo, kama mtu anavyomjua mtu wake kwa mwendo angali mbali.

Ndani mlikuwa na kuponi kumi na mbili za punguzo za duka la Brandt, kila moja na picha yake. Alizikata moja moja, akazitandaza mezani. Rangi ya nywele, ile ya kahawia inayoelekea wekundu. Chai ya mnanaa. Mafuta ya mikono iliyopasuka. Hamira. Biskuti za tini. Hakuna hata moja iliyokosea.

Kadi za rambirambi zilikuja arobaini na kitu, zote na maua meupe yaleyale. Padri alisema marehemu alikuwa mama mwema, na Emil hakumlaumu, maana padri aliwazika watatu wiki ile. Lakini duka la Brandt lilijua kwamba Verna alipenda biskuti za tini. Lilijua kwamba alipaka nywele rangi, jambo ambalo dada zake wawili waliingia kaburini bila kulijua. Emil akakaa na zile karatasi mpaka chai yake ikapoa.

Verna alikuwa fundi wa kuponi. Jumapili wakitoka kanisani alinunua magazeti mawili na kumwomba jirani la tatu, si kwa sababu ya habari. Alichomoa kurasa za kuponi, akazikata, akazitia kwenye bahasha kufuata safu za rafu za duka, ili akiingia asirudi nyuma.

"Kuponi ikitoka leo, mjinga anaikimbilia leo," alikuwa akisema. "Mimi naiweka. Bei ishuke kwanza, ndipo niilaze juu yake."

Kazi ya Emil ilikuwa kuendesha gari, kusukuma toroli, na kuwa mgeni. Kuponi nyingine ziliandikwa mbili kwa kila mteja, na Verna alitaka nne.

"Ukifika kaunta, hunijui," alimwambia.

"Nikujue wapi? Sijawahi kukuona."

"Na usicheke."

Twyla, keshia wa kaunta ya tatu, alikuwa akiwapokea mmoja baada ya mwingine kwa uso mkavu. "Bwana huyu simjui, na bibi yule simjui," alisema siku moja. "Ila naona Mungu amewapa gari moja." Verna alicheka yeye, akasahau kwamba alikataza.

Kiwanda kilipofungwa, kuponi zile ziliwalisha majira mawili mazima ya baridi. Tangu hapo Emil hakumfanyia mkewe mzaha juu ya mkasi wake.

Sasa mkasi ulibaki naye, na hakuwa na ujuzi nao. Alinunua alichojua kupasha moto: nyama ya kopo, mkate, supu ya kopo. Kila mara alipitisha kaunta kadi ya Verna ya wateja wa Brandt, kwa kuwa ndiyo waliyokuwa nayo. Kijitabu cha mwezi wa tatu kilipofika, hamira haikuwamo. Mahali pake palikuwa na nyama ya kopo, picha ya bakuli moja na kijiko kimoja. Mwezi wa nne mafuta ya mikono yaliondoka. Mwezi wa tano rangi ya nywele.

Alikwenda nacho kaunta ya tatu.

"Twyla, mbona wanamwondoa?"

"Wanamwondoa nani, mzee wangu?"

Alimwonyesha. Twyla akavaa miwani. "Ah, hapa hakuna mtu, Mzee Emil. Ni mashine. Nikipitisha kadi inaandika ulichonunua. Ukikaa miezi hununui hamira, inasema, huyu kaacha kuoka. Inakuletea unachokula siku hizi. Unakula nini?"

"Nyama ya kopo."

"Basi ndiyo hiyo hapo."

Emil alifikiri. Watu wawili walikuwa wakingoja nyuma yake. "Na mtu akinunua hamira?"

"Itarudi."

Siku hiyohiyo alirudi kwenye rafu. Hamira aliipata. Rangi ya nywele ilimsumbua, maana pale kulikuwa na wanawake thelathini kwenye maboksi na wote walimtabasamia. Alikumbuka kwamba boksi lilikuwa na namba pembeni, hamsini na sita. Namba hazijawahi kumshinda. Akalichukua, akachukua na mafuta, na chai.

Twyla aliliinua lile boksi juu. "Mzee Emil, hii unaipaka wapi? Maana hapo kichwani mimi naona uwanja wa ndege!"

Foleni ikaangua kicheko. Bwana mmoja akadakia, "Labda anapaka nyusi!" Emil akajishika upara. Hakukasirika.

"Nipitishie tu, binti yangu."

Twyla akapitisha kadi, akatazama kioo cha mashine, jina lililotokea pale. Kicheko kikamkatikia mdomoni. Alifunga vitu vyote mwenyewe kwenye mfuko, polepole, na tangu siku ile hakuuliza tena.

Ndivyo Emil alivyoishi mwaka ule. Alinunua vya Verna kwanza, halafu vyake kwa kilichobaki. Kuponi alizitumia kama mkewe alivyotaka, akangoja bei ishuke. Asingethubutu kulipa bei kamili kwa jina la Verna. Hata hivyo pesa ya pensheni haikutosha watu wawili, na mmoja wao hakuwa akila kitu. Vuli ilipoingia alipunguza moto wa nyumba, akala amevaa koti. Hakuoka, hakupaka nywele, na chai ya mnanaa ilimpa kiungulia. Vitu aliviteremsha chumba cha chini ya nyumba, akavipanga kwenye rafu zilezile alizozipigilia misumari Verna akimshikia taa.

Lakini kijitabu kilirudi. Mwezi wa nane rangi ya nywele ilikuwamo, ukurasa wa mbele. Mwezi wa kumi, kuponi kumi kati ya kumi na mbili zilikuwa za Verna. Postamani akipita, Emil alikuwa tayari yuko mlangoni, kama mtu mwenye mchumba jeshini.

Mwezi wa kumi na moja, kwa Sikukuu ya Shukrani, akaja binti yao Janine kutoka mjini Columbus, mwendo wa saa tatu kwa gari. Alikuwa mwema, Janine. Alikuja na bata mzinga ameshaokwa, na viazi, na soksi mpya za baba yake.

"Baba, nyumba hii baridi hivi, unafuga pengwini?"

"Ni joto tu. Wewe umezoea mjini."

Janine akateremka chini kutafuta sufuria kubwa. Hakurudi. Emil alipomfuata alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mwisho, mikono magotini, anazitazama rafu.

"Baba, hii ni nini?"

"Zilikuwa na punguzo."

"Rangi ya nywele maboksi ishirini na tatu? Nani ana nywele humu ndani?"

Emil alinyoosha boksi moja kwenye rafu. Alikuwa na la kusema. Alitaka kusema, mama yako bado yuko mahali pamoja, na mahali penyewe ni kwenye mashine ya Brandt, na mimi ndiye ninayemlisha. Lakini maneno hayo aliyazuia. Yangetoka yangekuwa maneno ya mtu aliyerukwa na akili, na alijua.

"Bei ilishuka," alisema.

Janine alilia kidogo, akifuta pua kwa kiganja kama alipokuwa mtoto. Usiku ule, akitoa sahani, alikiona kijitabu kwenye meza ya jikoni, na jina la mama yake juu yake.

"Bado wanamwandikia Mama? Mwaka mzima? Hawana haya hawa watu!" Alikikunja. "Ndiyo maana unachanganyikiwa, Baba. Ningekuwa mimi ningechanganyikiwa pia. Niachie mimi."

"Acha, mwanangu. Hakinisumbui."

"Niachie mimi, nimesema. Hebu nikufanyie kitu kimoja, jamani. Kila nikikuuliza unataka nini, unasema huna shida."

Hapo Emil angesema. Lakini Janine alikuwa amemshika mkono, na macho yake yalikuwa yakimwomba, na miezi kumi na miwili alikuwa kweli akimwambia hana shida. Akamwachia kijitabu.

Asubuhi Janine alitoka na cheti cha kifo kwenye mkoba. Akarudi mashavu mekundu kwa baridi, uso umemtulia kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Nimemaliza. Wamelifuta jina la Mama. Na kadi yako hii hapa, mpya, jina lako mwenyewe."

Emil aliipokea. "Ahsante, mwanangu," alisema, kwa kuwa mtoto alikuwa ametoka kwenye theluji kwa ajili yake.

Jumatatu, Janine alipokwisha kurudi mjini, Emil alikwenda Brandt akasimama kwenye meza ya huduma. Meneja, Bwana Pruitt, alikuwa kijana mpole mwenye tai fupi.

"Nataka mrudishe ya zamani," alisema Emil.

"Kadi imekataa kusoma, mzee?"

"Inasoma. Nataka ya mke wangu."

Pruitt akabonyeza, akasoma, akashusha sauti. "Pole sana, mzee. Binti yako alileta karatasi. Mtu akifariki na familia ikatuambia, tunafuta. Ni amri ya ofisi kuu. Mimi hapa sina hata pa kubonyeza."

"Miaka kumi na minane alinunua hapa."

"Naelewa."

"Viko wapi?"

"Nini, mzee?"

"Alivyovinunua. Mlikuwa mmeviandika."

Pruitt alimtazama. Alitafuta jibu kweli, Emil aliona anatafuta. "Haviko popote, mzee. Vimefutwa."

Mama mmoja alikuja na maziwa yaliyochacha, akasogea pembeni akingoja. Emil aliinamisha kichwa, akafikiri njia nyingine. "Nikinunua vilevile? Kama yeye. Kwa hii mpya."

"Mashine itajifunza, ndiyo. Miezi mitatu minne." Pruitt akatabasamu, akidhani amemsaidia. "Itajua ndivyo unavyopenda wewe."

 Emil akaondoka pale mezani.

Alipita safu ya rangi za nywele. Alilichukua boksi la hamsini na sita akalishika, akijaribu kuona kama linawezekana. Mashine ingesema, Emil Havlik anapaka nywele rangi. Emil Havlik anapenda tini. Ingekuwa uongo, na Verna asingekuwamo hata kidogo. Akalirudisha kwenye rafu.

Twyla alimwona toka kaunta ya tatu, akampungia mkono. "Leo huninunulii kitu, Mzee Emil?"

"Leo hapana."

"Kuna nini?"

 Foleni ilikuwa ndefu. "Baridi," alisema.

Kijitabu kipya kilifika mwezi wa kwanza. Wateja wapya walipewa kile cha watu wote: nepi za mtoto mchanga, chakula cha mbwa, wembe, sabuni ya madirisha, tambi. Emil alikifunua mwanzo mpaka mwisho, akakifunua tena. Kingeweza kwenda nyumba yoyote ya mtaa ule.

Janine alipiga simu jioni.

"Kimefika, Baba?"

"Kimefika."

"Jina wameliandika sawa? Maana yule kijana aliandika Havlick kwanza, nikamsahihisha."

Emil akaligeuza jalada, akaliangalia jina lake, herufi moja moja. "Wameliandika sawa."

"Afadhali. Unaona, kitu kidogo tu." Sauti yake ilikuwa nyepesi, na Emil alifurahi kuisikia nyepesi. "Una hasira na mimi, Baba? Juu ya rafu zile?"

"Hapana, mwanangu."

Na kweli hakuwa na hasira. Alitafuta wa kumkasirikia: mtoto hapana, Pruitt hapana, mashine haina masikio.

"Kuna kitu cha maana humo?"

"Kuna wembe."

"Basi kata uweke."

"Nitakata."

Akaikata kuponi ya wembe, maana wembe alikuwa hana. Akaiweka mezani. Kisha hakujua akate ipi nyingine.