Swalihu Aaga Kwenda Dubai

Miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, kila mwenye duka hapa Dodoma alikwenda Dubai. Mume wangu Swalihu, fundi redio, naye akakata tiketi: siku nne za sikukuu ya Idi, ndege Ijumaa, kutoka Dar es Salaam.

Nikamwambia, "Baba Lulu, panda treni mapema, achana na kuaga ukoo mzima."

"Stara, mtu haendi jangwani bila radhi za wakubwa!"

Haya. Jumatatu akaaga Mkonze, Jumanne Zuzu. Jumatano akabeba begi lake jipya mpaka Busi, kwa shangazi yake, bingwa wa kununa. Shangazi akaapa haondoki bila kula na kufungashiwa zawadi, jogoo akamatwe. Jogoo akakimbizwa na kijiji kizima, na alipokamatwa, basi la mwisho la kurudi lilishaondoka. Sikukuu ikaingia, magari hakuna.

Jumanne iliyofuata akashuka kwenye lori, vumbi mpaka kwenye kope. Majirani wakamkimbilia. "Karibu! Habari za Dubai?"

Hakunitazama. "Nzuri," akasema. "Ila jangwa lina vumbi!"

Kabla sijafungua mdomo, begi likawika.