Bhoke Alipodai Kuandikwa Kodi

Siku ambayo karani wa kodi alikuja mkutanoni kwetu Susuni, miaka ile ya ujamaa, mwanangu, naikumbuka kama jana. Nilikuwa binti mdogo, nimeolewa na Bhoke. Usishangae. Kwetu Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wake akaoa msichana, naye huzaa na mwanamume wa kuchaguliwa, apate wajukuu wa kurithi mji, yaani boma lake. Nilimwita mama. Tulipika pombe ya wimbi, na sifa yake ilifika mpaka Sirari.

Mwalimu Marwa akasimama kulalamika. "Mshahara wangu unakatwa kabla sijauona. Hawa mama wa pombe wanakula chote!"

"Njoo upike wewe, moshi ukutoe machozi!" wakamjibu. Watu wakacheka.

Karani akamgeukia Bhoke. "Mume wako yuko wapi? Alikufa? Basi huna nyumba ya kuandikwa, mwenye nyumba ni mwanamume. Kaa chini."

Mwita, shemeji wa Bhoke, aliyeumezea mate mji ule tangu msiba, akadakia, "Niandike mimi mwenye mji. Nitamlipia."

Mimi nikafurahi! Nikavuta kanga ya Bhoke. "Mama, nyamaza, tumepona."

Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Mtoto, anayekulipia kodi leo, kesho atakuonyesha mlango. Mtegemea cha nduguye hufa maskini."

Kisha akasimama. "Andika Bhoke. Ng'ombe waliomleta huyu binti walikuwa wangu, na chungu ni changu. Ila usinikadirie kwa kuangalia moshi wa jiko. Mwalimu hanunui chaki kwa mshahara wake. Mimi wimbi nanunua, kuni nanunua. Toa hizo kwanza. Kinachobaki ndicho mshahara wangu, kata hapo kama unavyomkata yeye. Pombe ikiharibika, usinikate."

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa mwalimu. Karani akakuna kichwa, akaandika. Mwita akaondoka bila kuaga. Mji ule nimezalia humo watoto wangu wote, na hakuna aliyethubutu kututoa.

Sasa sikia. Wewe uliyeajiriwa Bomani, usimwone mwenye genge kuwa mwizi. Nawe wa bodaboda Nyamongo, usijifiche nyuma ya mwenye mshahara. Barabara mnapita wote. Kodi ifuate alichopata mtu, awe wa ofisini au wa jikoni. Andika mapato na matumizi, maana mali bila daftari huisha bila habari. Wakikukadiria ovyo, simama useme. Lakini usikubali kuitwa mtu asiye na kazi ili tu upone kulipa.

Mungu abariki jasho lako, mwanangu, na mji wako uitwe kwa jina lako.