Barua za Karanga

Kiingereza cha benki nilijifunza kwa kula karanga. Hadi leo nikisikia harufu yake narudi Kariakoo ile ya miaka ya hamsini, vumbi la alasiri limegeuka dhahabu, nami natembea kama niliye ndotoni, midomo ikichezacheza.

Nilikuwa tarishi wa benki ya mikopo, nikiishi mtaa wa Gerezani kwa mjomba wangu, fundi wa reli. Nilitamani kiti kimoja tu duniani, cha karani wa barua, chini ya feni. Kiti hicho kilitaka Kiingereza cha wakubwa, na shule yetu kule Kilimanjaro ilikuwa imenifundisha kuomba ruhusa na kutaja wanyama.

Bahati yangu ikawa mzee wa karanga, kando ya soko. Alinunua kwa uzani wa ratili karatasi kuukuu za kufungia karanga zake, na nyingi zilikuwa barua za mabenki kwa Kiingereza, nami nilizisoma nikitafuna. Yeye alisoma herufi za Kiarabu. Hizi za Kizungu aliziita nyayo za kuku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo nimekuwekea yenye mhuri, mwanangu. Ukipata ukubwa huko benki usinisahau, nami nataka mkopo wa kibanda cha bati humo sokoni."

"Sitakusahau, mzee."

Nikaenda zangu nikighani: tunasikitika kukufahamisha, baada ya kulitafakari ombi lako kwa kina. Maneno yalinilevya. Nililala nayo, nikaamka nayo.

Siku ya mtihani meneja aliniambia nimwandikie mteja kwamba amekubaliwa mkopo. Kalamu ikagoma. Katika barua zote nilizosoma hamkuwa na hata moja ya kukubali. Nani angeiuza kwa ratili? Barua ya namna hiyo mtu huifungia sandukuni pamoja na hati ya nyumba. Nikaandika ninachokijua: nikamkataa mteja wa watu, kwa heshima zote.

Meneja akaisoma mara mbili, akacheka, akanipa kiti. Kazi yangu ikawa kuwajibu Waafrika walioomba mikopo. Niliona fahari, sifichi. Feni ikizunguka nilijiona naelea.

Miezi ikapita. Jioni moja mzee akachomoa barua ndani ya kofia yake.

"Hii si ya karanga. Imekuja kwa jina langu. Hebu nisomee."

Niliitambua kabla hajaikunjua. Jina lililokuwa juu yake nilikuwa nimelipiga chapa kwa mkono wangu bila kujua ni la nani, maana sote tulimwita Mzee wa Karanga tu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Wanasemaje?"

"Wamekataa, mzee."

Akapitisha kidole juu ya karatasi, taratibu, kutoka juu hadi chini.

"Mistari yote hii, neno lenyewe ni hilo moja?"

"Ndilo hilo."

Sikumwambia nani aliyeiandika. Akaiviringa, akaijaza karanga mpaka juu, akanipa. Senti zangu hakuzipokea.