Nyumba ya Mraba Mmoja

Binti yangu ana kompyuta ambayo haimwachi akosee. Akiandika agizo vibaya, linapigiwa mstari mwekundu kabla hajalimaliza. Akisahau kufunga mabano, mashine inamfungia. Juzi alasiri, hapa nyumbani Moroni, nilisimama nyuma ya kiti chake nikashindwa kutulia. Nikamuuliza, "Umehifadhi?" Akacheka: "Mama, inajihifadhi yenyewe." Nikaenda jikoni, nikarudi, nikauliza tena. Mara ya tatu aliniambia kwa adabu kwamba mihogo inaungua, na kweli ilikuwa inaungua.

Usinicheke, ndugu yangu. Nina sababu, na sababu yenyewe iko Mutsamudu, katika mwaka ule kisiwa chetu cha Nzuwani kilipotangaza kwamba hakitaki tena kutawaliwa na Moroni. Nilikuwa na miaka kumi. Baba na mama walikuwa Ngazija. Walipanga chumba Ikoni, na kila asubuhi baba alipanda teksi kwenda Moroni, ambako alikuwa karani wa ofisi moja na kazi yake ilikuwa kupiga barua kwenye kompyuta. Mimi niliachwa kwa bibi yangu, ambaye kwetu tunamwita Koko, katika mji wa mawe chini ya ngome. Vichochoro vyake ni vyembamba, mkikutana wawili mmoja lazima ageuze bega.

Nilikuwa mtoto wa kiguu na njia. Alfajiri nilikwenda chuoni kusoma Kurani, nikirudi nafagia ngazi, nakuna nazi ya mataba, yaani kisamvu chetu, kisha napanda darini kugeuza karafuu zilizoanikwa. Upepo ukitoka milimani ulileta harufu ya langilangi inayopikwa mapipani, tamu mpaka kichwa kinauma. Koko alikuwa akisema, "Huyu mtoto hata akilala miguu yake inatembea." Ni mahali pamoja tu nilipoweza kukaa saa nzima bila kujikuna, napo ni kwa jirani yetu.

Jirani huyo alikuwa mwalimu wa hesabu, Mngazija, nasi watoto tulimwita Fundi kama tunavyowaita walimu wote. Alikuwa na kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa mtu aliyehamia Reunioni. Ndani yake mlikuwa na lugha ya kuandikia programu iliyotungwa kwa ajili ya watoto, na katikati ya skrini alikaa kobe. Kobe mwenyewe alikuwa kipembetatu kidogo tu, lakini ukimwandikia kwa Kifaransa *avance 50* alikwenda mbele hatua hamsini akiacha mstari nyuma yake, na ukiandika *droite 90* aligeuka kulia. Alitii papo hapo. Kwa mtoto ambaye kutwa nzima huambiwa fanya hiki, acha kile, hebu fikiria raha ya kupata wa kumtuma.

Programu ile ilikuwa na sehemu mbili, na Fundi alizipa majina yake. Ya kwanza aliiita uwanja: unaandika agizo chini, kobe anachora juu, imekwisha. Ya pili aliiita daftari: ukibonyeza kitufe ukurasa mwingine unafunguka, unaandika maagizo yako yote kwa mpangilio, unayapa jina, na humo kobe hasogei hata kidogo. Anasogea utakaporudi uwanjani na kumwita kwa jina lile. "Uwanjani mnacheza," Fundi alituambia. "Daftarini ndiko mnakoweka." Mimi daftari nililichukia. Kuandika mistari ishirini bila kuona kitu kikisogea kulinifanya nihisi nimekalia siafu.

Mji nao ulikuwa hautulii. Redio zilisema hivi, barazani watu wakasema vile. Siku moja askari walikuja kutoka Moroni, risasi zikalia upande wa bandari, Koko akatulaza wote sakafuni na kutusomesha Yasini. Askari wakarudi walikotoka, lakini vyombo vya kwenda Ngazija vikawa vya kubahatisha, na simu ikakatwa. Watu waliosalimiana na Fundi miaka mingi walianza kumpita kama hawamwoni. Koko peke yake ndiye aliyezidisha wema. Alimpelekea sahani ya wali mchana, imefunikwa kitambaa, akipita katikati ya baraza ili kila mtu aone.

Kabla simu haijakatwa, baba alikuwa amenipa kazi. Kwetu nyumba ni ya binti. Mtoto wa kike akizaliwa, baba yake huanza kuwaza mawe, kwa sababu siku akiolewa mume ndiye anayehamia kwake. Kiwanja changu kilikuwa tayari, juu kidogo ya mji wa kale, na saruji ilikwishaingizwa stoo ya Koko. Baba akasema kwenye simu, akicheka, "Wewe si unashinda na kompyuta ya Fundi? Nichoree nyumba unayoitaka. Utakavyochora ndivyo nitakavyojenga." Mwashi, mzee mwenye vidole vilivyopasuka kwa chokaa, alikuja mara mbili kutuhimiza. "Saruji haingoji siasa," alisema. "Lakini sichimbi msingi kwa neno la mtoto. Nataka neno la baba yake."

Basi asubuhi moja Fundi akagonga mlango. "Kwezi, Koko," alisalimia, na Koko akamwitikia kama kwetu tunavyoitikia salamu, "Mbona, mwanangu." Alikuwa amepata nafasi kwenye boti jioni ile, na hakujua kama kungekuwa na nyingine. Akaniambia, "Umeme unakuja saa nane, utakaa kwa muda wa saa moja tu. Malizia nyumba yako, nitamfikishia baba yako disketi mkononi."

Nilianza vizuri, Mungu shahidi. Nilifungua daftari, nikaandika chumba kikubwa: mraba, pande nne sawa, nikaupa jina *nyumba*. Nje nikasikia kelele za vijana wakipita kuelekea bandarini. Fundi alikuwa akifunga vitabu kwa kamba, akivifungua, akivifunga tena. Nikaona nikiendelea na daftari umeme utanikimbia. Nikarudi uwanjani, nikamwita kobe achore mraba, kisha mengine yote nikamwamuru pale pale, agizo baada ya agizo: chumba cha Koko pembeni, ngazi saba, madirisha mawili ya kutazama bahari, na ukuta wa uani wa kuanikia karafuu. Koko alikuja akasimama mlangoni, akaitazama skrini kwa muda mrefu. "Na hiki changu?" akauliza, akionyesha kile chumba cha pembeni. "Ewa, Koko. Chako." Akajifuta jicho kwa ncha ya shiromani, nguo aliyojitanda, akasema moshi wa kuni umemwingia.

Nilibonyeza kitufe cha kuhifadhi nikiwa nimesimama. Fundi akauliza, "Yote yamo daftarini?" Nikajibu, "Ewa, Fundi," kwa sababu nilikuwa nikiiona nyumba nzima mbele ya macho yangu, na mtoto wa miaka kumi anaamini kwamba kinachoonekana kimehifadhiwa. Umeme ukakatika. Akaitoa disketi, akaitia mfuko wa shati, akaenda bandarini na Koko akimsindikiza ili vijana wasimguse.

Miezi ikapita. Nilimsumbua kila mtu aliyeshuka botini, mpaka mfanyabiashara mmoja wa nguo akaleta barua ya baba. Koko hakujua kusoma Kifaransa, nikaisoma mimi, kwa sauti, mbele ya mwashi. Baba aliandika: "Nimeiona nyumba. Mraba mmoja, wala hakuongeza kitu. Watu wazima wanagombana kwa tamaa, binti yangu ameomba chumba kimoja tu. Nimemwonyesha kila mtu ofisini. Mwashi ajenge vivyo hivyo."

Nikajua papo hapo nilichokifanya. Kuhifadhi kulihifadhi daftari tu, na daftarini palikuwa na mraba. Mwashi akasema, "Mzee amesema," akaenda kuchukua kamba. Nilimtazama Koko. Angeweza kusema, kwani alikiona chumba chake kwa macho yake. Badala yake aliniambia polepole, "Sifa ya mtoto ni chakula cha baba. Usimnyang'anye bakuli mkononi." Kuta nne zikapanda, nami kila siku nilikwenda kuzitazama nikitafuna kucha, nikijiambia kesho nitasema. Koko alifariki katika nyumba yake ya kale, kabla bati halijawekwa.

Visiwa vilipopatana, nilihamia Moroni kusoma, na siku moja nikakutana na Fundi katika vichochoro vya Badjanani, mtaa wa kale wa mji huo, mvi zimemjaa. Kabla hata sijauliza, akasema, "Nilijua palepale ofisini kwa baba yako, kobe aliposimama baada ya mraba. Lakini alikuwa amekwishaita wenzake waje kuona." Tulicheka, kisha tukashindwa kuendelea kucheka. Kompyuta yake aliyoiacha nyuma iliishia bandarini, hajui kwa nani. Disketi nazo hakuna tena mashine ya kuzisoma, na kwenye baraza za Mutsamudu wamekaa watu wasiokumbuka nani aliacha kumsalimia nani.

Baba alikuja kuiona nyumba mara moja tu, akiwa tayari mgonjwa. Aliingia bila kuvua kofia, akaupima ukuta wa kwanza kwa hatua, wa pili, wa tatu, wa nne. Zote zikalingana. Akaketi sakafuni, akavuta pumzi, akaniuliza, "Ndivyo ulivyotaka?"

Nilikuwa mtu mzima, na nilikuwa na kila neno tayari: ngazi, madirisha, chumba cha Koko. Nikamwambia, "Ewa, baba, ndivyo." Ni uongo pekee katika maisha yangu ambao mpaka leo sijautubia, na sidhani kama nitautubia.