Jumapili Wabelgiji Walipopata Mfalme Mpya

Jumapili ile tulipotoka ibadani Mama alikataa kupita nyumbani. Alikuwa amevaa kitenge chake cha buluu, kile alichokiweka kwa ajili ya harusi na ubatizo, na kilemba kipya. Ulikuwa mwezi wa Julai, baridi ya Durban ambayo mtu wa kwetu Bukavu, Kongo, haiiti baridi, lakini alijifunika na shali. Alitaka tufike saluni kabla mambo hayajaanza.

Saluni nilikokuwa nasuka ilikuwa chini ya ghorofa refu la South Beach. Mwenye saluni, mama wa Lubumbashi ambaye sote tulimwita Patronne, yaani bosi, alikuwa na tivii ukutani iliyoshika stesheni za Kifaransa, na siku hiyo walikuwa wanaonyesha mfalme wa Wabelgiji akimwachia mwanawe kiti. Wateja hawakuwapo, isipokuwa mwanafunzi mmoja Mkenya aliyepanga chumba Glenwood. Nilikuwa nimemwahidi kumsuka rasta. Jirani yetu wa duka la simu, mtu wa Uvira, alikuja na kiti chake mwenyewe.

Mama hakuja kwa ajili ya mfalme. Kaka yangu mkubwa alikuwa Brussels kwa miaka mingi, na katikati ya wiki alikuwa amempigia simu.

"Mama, Jumapili angalia tivii," alimwambia. "Nitasimama mbele ya kasri, na jaketi nyekundu. Nitainua mkono."

Tangu siku hiyo Mama hakuwa na habari nyingine. Alikuwa hajamtia machoni tangu alipoondoka nyumbani na begi moja mgongoni, kabla vita havijatutoa sisi wengine. Aliwahi kuomba viza aende kumwona, akanyimwa. Sababu tuliyopewa ubalozini ni kwamba hapakuwa na kitu Durban cha kumfanya arudi. Nilikuwa nimekaa kando yake, nimemshikia mkoba wake. Mama aliitikia kwa kichwa, kana kwamba wamesema jambo la kweli.

Basi tukakaa tukatazama. Mfalme mzee aliketi mezani, akatia sahihi, akainuka. Mwanawe alikuwa amesimama pembeni, kifua kimejaa nishani.

"Angalia vile wazungu wanafanya," Patronne alisema. "Baba anasema nimechoka, anatia sahihi, anamkumbatia mtoto, imeisha. Hakuna risasi. Kwetu tungekuwa tumeshaingia chini ya vitanda."

Jirani alimgeukia. "Babu yangu alichapwa fimbo kwenye mashamba ya pamba ya hao hao. Mpaka anakufa alikuwa analala kwa tumbo, mgongo ulikataa. Na wewe unawasifia?"

"Nasifia sahihi. Na nguo ya malkia. Ile nguo iko sawa kabisa."

Yule Mkenya alicheka chini ya mikono yangu. "Nyanya yangu ana kikombe chenye picha ya malkia wa Waingereza," alisema. "Anakiosha mwenyewe, hataki mtu akiguse. Na ni haohao Waingereza walimfunga babu kizuizini." Alidhani nasi tungecheka. Hakuna aliyecheka.

"Munyamaze!" Mama alisema. "Mukipiga kelele sitaona."

Mfalme mpya akaapa kwa lugha tatu. Jirani alisema hakusikia hata moja ya zetu, lakini alisema polepole, kwa heshima ya Mama. Kisha kamera zikatoka nje, kwa watu. Mama aliinuka, akaisogelea tivii mpaka sisi tukabaki kutazama kilemba. Uwanja ulijaa wekundu: bendera, kofia, mabaluni, majaketi ya kila namna.

"Iko pale!" alipiga kelele. "Ni yeye! Ameinua mkono!"

Picha ilikuwa imeshapita. Mimi niliona mikono mingi. Lakini Mama alipiga vigelegele, Patronne akampokea, na hata jirani alisimama akapiga makofi. Wakati huohuo mfalme alikuwa juu ya roshani akiwapungia watu. Mwanamke mmoja wa Kizulu aliyekuwa akipita nje alichungulia mlangoni, akauliza kwa Kiingereza kama yule ndiye mfalme wetu.

"Eish, hapana," jirani alimjibu, akaketi haraka.

Mama alitaka nimpigie kaka palepale, na niweke spika ili wote wasikie. Alipopokea tulisikia sahani zikigongana. Alikuwa anaosha vyombo katika jiko la hoteli.

"Mwanangu, tumekuona!"

"Mumeniona wapi, Mama?"

"Kwa mfalme! Na jaketi yako."

"Mama, mimi niko kazini. Hoteli imejaa wageni sababu ya hiyo sherehe, patron alinikatalia ruhusa. Sikuenda."

"Lakini nilikuona. Uliinua mkono."

"Haikuwa mimi, Mama. Tutaonana siku ingine."

Jirani alipunguza sauti ya tivii. Patronne akachukua ufagio, akaanza kufagia mahali ambapo palikuwa safi.

"Siku ingine gani?" nilimwuliza mimi. "Wataweka lini mfalme mwingine?"

Kaka alisema anaitwa, akakata simu. Mama alikaa chini, akafungua kilemba taratibu, akakikunja mapajani.

"Umemkasirisha," aliniambia.

Nilirudi kwenye kichwa cha yule Mkenya. Nilivuta nywele kwa nguvu, naye akavumilia.

Jumapili iliyofuata Mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema Mungu amemwonyesha mtoto wake akiwa mzima, amesimama mbele ya nyumba ya mfalme. Watu wote waliitikia amina. Jirani wa duka la simu, aliyesikia kila kitu kwenye ile simu, aliitikia kuliko wote. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya Mama, natazama sakafu.

Aliuhadithia mkono ule kwa kila mgeni aliyeingia kwetu, mpaka ugonjwa ukamlaza. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani. Alipofariki, kaka hakuweza kuja kuzika. Karatasi zake zilikuwa za namna ambayo ukitoka nchini, huruhusiwi kurudi. Alinipigia baada ya mazishi, akilia, akaniuliza kama Mama alimtaja.

Ningeweza kumwambia lolote. Nilimwambia lililo kweli.

"Wiki za mwisho alikuwa haniiti mimi kwa jina langu," nilisema. "Aliniita kwa jina lako. Nami nilikuwa naitika."